Mwaka Nilipoiosha Bunduki ya Kijiji

Waliposema kwa mara ya tatu kwamba marehemu alijenga kijiji chote bila kupiga hata risasi moja, niliweka sahani yangu chini ya benchi na kutafuta pa kutemea mate. Pilau lilikuwa zuri, sikatai. Wapishi wa misiba wa Lushoto wanajua kazi yao, na binti wa marehemu alikuwa amepitisha beseni la maji na vipande vya limau kwenye kila benchi, mtu anawe, ale ashibe, aende makaburini na tumbo lenye amani. Lakini mimi harufu ya limau na sifa zile vilikutana kooni vikakataa kushuka. Mjukuu wa marehemu, kijana aliyekabwa na tai, alikuwa anasoma karatasi kwenye kipaza sauti: "Babu yetu aliwahamisha watu wa milimani kwa upendo. Alikuwa na bunduki ya kijiji mkononi, lakini hakupiga hata risasi moja!" Watu wakaguna kwa kuridhika. Mama mmoja pembeni yangu akaniinamia akasema, "Watu wa aina hii hawazaliwi tena." Nikamjibu, "Mungu ni mwema." Akadhani nimekubaliana naye.

Na kijana wa watu hakusema uongo, ndiyo maana nilishindwa hata kununa vizuri. Ni kweli, Mwenyekiti Eliasi hakupiga hata risasi moja. Hakuhitaji. Alichohitaji ni bunduki isikike kwamba inaweza kupiga, na aliyeipa sauti hiyo ni mimi, kwa bisibisi, jiwe la kunolea na chupa ya mafuta ya cherehani. Nimetengeneza vyerehani maisha yangu yote, vya miguu na vya mikono, vya maharusi na vya watu waliofilisika, na nikiulizwa kazi ipi nimeifanya vizuri kuliko zote, jibu ninalo na linanitia kichefuchefu. Sitasimulia nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Hayo hayamsaidii mtu. Nitasimulia mwaka ule mmoja wa kuhamia vijijini, nilipokuwa na miaka ishirini na ninajiona nimesoma.

Nilikuwa nimetoka kwa masista wa Rangwi, mimi binti wa Kilutheri kati ya Wakatoliki, nikiwa nimejifunza kushona na, zaidi ya kushona, kuifungua cherehani mpaka skrubu ya mwisho na kuirudisha ikiwa nyepesi kuliko ilivyotoka dukani. Kijiji kipya kilikuwa na kikundi cha akina mama na vyerehani vinne, na mimi nikapelekwa kuwafundisha. Nyumba ya mwalimu ilikuwa bado miti mitupu, kwa hiyo nikapangishiwa chumba juu kwenye mgongo wa mlima, mahali panaitwa Kwembuzi, kwa mjane wa Kiislamu aliyeitwa Bibi Zaina. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na ukuta uliokuwa unatoa unyevu asubuhi kama mtu anayetokwa jasho. Nyuma ya nyumba palikuwa na migomba, shamba la mihogo lililogusa msitu, makaburi matatu, la mumewe na ya wanawe wawili, na mlimau mmoja uliozaa bila kupumzika. Jioni tulikula bada, ugali wa mihogo mweusi, kwa mchunga, mboga ya majani iliyokuwa chungu hadi masikio yanawasha, na Bibi Zaina hakukubali nile bila kunawa mbele yake. "Msomi," alikuwa akiniita, "kusoma hakuondoi taka za kucha." Nilimpenda mwanamke yule. Nalisema wazi mapema, ili mtu asidhani nilifanya nilichofanya kwa chuki.

Amri ilikuwa kwamba watu wote wa kule juu washuke bondeni wakae pamoja kando ya barabara. Wengi walikuwa wameshashuka, wengine kwa hiari, wengine kwa kuchoka kutembelewa. Bibi Zaina alikuwa akijibu kila mara neno lilelile: "Nikishuka, hawa nawaachia nani?" na kidevu anakielekeza makaburini. Mwenyekiti alikuwa na hoja yake, na hoja yenyewe ilikuwa nguruwe. Alisema wanaobaki juu peke yao wanaifugia serikali nguruwe mwitu, maana shamba lililo kando ya msitu bila majirani ni mlo wao. Na nguruwe walikuwepo kweli. Usiku mmoja tu wanang'oa mihogo ya mwezi mzima, asubuhi unakuta shamba limepinduliwa na maganda yametafunwa yakatemwa. Aliyekuwa anawapiga ni Mzee Hozza, mwindaji, mtu mwembamba wa koti moja, aliyeachiwa bunduki na mzungu mmoja mwenye shamba alipoondoka baada ya Uhuru. Baadaye silaha zikakusanywa, bunduki ikawa ya kijiji na ikawekwa ofisini, ila Hozza ndiye aliyekuwa akija kuichukua, anaenda nayo kwake, kisha porini, kesho yake anairudisha. Ilikuwa bunduki ya kizamani, ya aina ile isiyo na komeo la kuvuta kwa juu. Chini yake, nyuma ya kifyatuo, ina kishikio cha chuma kama pete kubwa, unakisukuma mbele, unakirudisha, risasi inaingia. Kwa jinsi kilivyokunjuka na kukunjika watu waliiita Kiwiko.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nisiwe na udhuru hata leo. Asubuhi moja ya Julai, baridi inauma na ukungu umeshika migomba, Mwenyekiti alipanda Kwembuzi na mgambo wawili, na Kiwiko begani. Hakuja na Hozza. Alisimama uani kwa Bibi Zaina, akatangaza kwamba leo ni siku ya mwisho ya ubishi, na ili aeleweke vizuri akaishusha bunduki aikoki mbele ya macho yetu. Kishikio kikaenda nusu, kikakwama. Akavuta. Akakibana kitako mapajani akavuta tena, anaguna, uso umemvimba. Mgambo mmoja akashika mtutu, mwingine akamshika Mwenyekiti kiuno, wanavutana kama watu wanaong'oa kisiki. Majirani waliobaki walikuwa wamejaa kwenye ua wa miti, wanachungulia. Bibi Zaina, mikono ina unga hadi kwenye viwiko, akasema kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, baba, kama imelala iache ilale." Loo! Tulicheka jamani. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Mwenyekiti akateremka mlima bila kuaga, na kufikia adhuhuri vijiji vyote vya jirani vilikuwa na habari. Watoto wakawa wanacheza mchezo wa Mwenyekiti na bunduki, mmoja anabana fimbo mapajani na kuguna, wenzake wanamvuta kiuno. Kwa hiyo nilijua. Mwenyekiti aliponiita wiki iliyofuata, nilijua ile bunduki alitaka kuipeleka wapi. Nilijua, na nikaenda.

Ofisi ya kijiji ilikuwa zamani ghala la viazi, na viazi vilivyooza vinaacha harufu ambayo chokaa haiiondoi. Nilipobisha na kuamkia, "Shikamoo, Mwenyekiti," aliinuka. Mwenyekiti aliniinukia mimi! "Marahaba, fundi," akasema. "Karibu kiti, fundi." Hakuna aliyewahi kuniita fundi, nilikuwa binti, au yule wa kushona. Bunduki ilikuwa juu ya meza, imelala kwenye gazeti. "Unaona shida yetu," akasema. "Nguruwe wanammaliza bibi yako. Mimi nikisema ashuke, naonekana namwonea. Haya. Bunduki ikifanya kazi, Hozza akirudi kutoka Mombo akawapiga nguruwe, mimi nina haja gani ya kuhangaika na bibi kizee? Abaki na makaburi yake." Hozza alikuwa ameshuka Mombo wiki mbili zilizopita kumuuguza binti yake. Nikauliza, "Unaahidi, Mwenyekiti?" Akaweka kiganja kifuani: "Mimi ni mtu wa kanisani, fundi." Nyoo! Mtu wa kanisani. Lakini wakati ule sikusema nyoo. Nilisema nitahitaji mafuta ya taa, kitambaa kisichotoa nyuzi, na siku tatu.

Siku ya kwanza nilihakikisha haina risasi ndani, kisha nikaanza na skrubu. Skrubu za bunduki zina mfereji mwembamba. Ukiingiza bisibisi ya kawaida unaikwangua na kuiharibu, kwa hiyo nilikaa nusu siku ninasugua ncha ya bisibisi yangu kwenye jiwe mpaka ikaingia sawasawa bila kuchezacheza. Nyingine zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nikazidondoshea mafuta ya taa na kuziacha zilale nayo. Zilipokubali, nikatoa kitako, nikachomoa pini ya kishikio, na ile sehemu ya katikati, ambayo ndiyo tumbo la bunduki, ikafunguka. Khaa! Mpaka leo nikipita kwenye bucha iliyokosa umeme siku mbili naikumbuka ile harufu. Tumbo zima lilikuwa limejaa mafuta ya kondoo, meusi, yameganda kama nta, yamechanganywa na asali na majivu, na ndani yake kulikuwa na nywele za mnyama, mbawa za mende, mende wenyewe wakiwa nusunusu, unyoya wa kuku, na kipande cha ngozi kilichokuwa na ukungu wa kijani. Kila mtu kule kwetu alijua ni nini: ni fingo, dawa ya mganga, Hozza ameizindika bunduki yake ili isikose shabaha. Niliyachokonoa kwa kijiti cha mwanzi na kuyaweka kwenye kopo la maziwa. Kopo likajaa. Nikatafuta la pili.

Mwenyekiti alikuwa haondoki. Alikaa upande wa pili wa meza ileile, anakula mahindi ya kuchemsha, punje zinamrukia kidevuni na nyingine zinaangukia kwenye gazeti langu katikati ya mende wale, anaziokota, anakula. Alipomaliza, akafungua kisanduku changu bila kuomba, akachukua sindano ya cherehani, akachokonoa meno yake yote kwa zamu, akaifuta kwenye suruali na kuirudisha palepale ilipokuwa. Sindano ile niliitupa shimoni. Watu wa ofisi walikuwa wakiingia kuchungulia, wanatazama makopo, wanatema mate sakafuni, wanasema "Aka!" na kutoka. "Unaona, fundi?" Mwenyekiti aliniambia. "Huu ndio ushirikina unaoturudisha nyuma." Nami, msomi wa masista, nikakunja pua na kujibu, "Uchafu mtupu, Mwenyekiti." Nililisema lile neno kwa raha. Namdharau yule binti kuliko ninavyomdharau yule mzee aliyekuwa akichokonoa meno, maana yule mzee angalau hakujifanya msafi.

Jioni nilirudi Kwembuzi na mikono isiyofaa kulia chakula. Nilikuwa nimeinawa mtoni kwa sabuni na mchanga, lakini mafuta ya kondoo yanaingia kwenye mistari ya kiganja na kukaa humo. Nilipotaka kumega bada, Bibi Zaina akanishika mkono, akakileta kiganja puani, akageuza uso. Akatoka nyuma, akachuma limau, akalikata, akanisugua kiganja kimoja kimoja, katikati ya vidole, chini ya kucha, huku akipuliza kwa mdomo kama anayemsafisha mtoto kidonda. Akakinusa tena. Akakata lingine. Malimau matatu ndipo akaniruhusu kula. Tulipokuwa tunakula ndipo akauliza, "Unaitengeneza ya nini?" Nikasema, "Ya nguruwe, Bibi." Akatafuna mchunga wake polepole. "Nguruwe wa miguu minne?" akasema. Nikacheka. Nikamweleza ahadi ya Mwenyekiti, kwamba Hozza akirudi atawapiga, na yeye ataachwa na makaburi yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, mjukuu wangu. Wewe ndiye umesoma." Siku ya pili na ya tatu ikawa vilevile: mimi narudi ninanuka, yeye ananinusa, analisha mikono yangu malimau, na mimi nampa habari za jinsi kazi inavyoendelea vizuri.

Na kazi iliendelea vizuri, hilo ndilo la kutapisha. Kusafisha peke yake kungetosha, bunduki ingefunguka na kufungika. Lakini nilipoirudishia na kuisukuma nilisikia inakwaruza mahali, chuma kinauma chuma, na mimi sikuweza kuvumilia. Sista aliyenifundisha alikuwa akisema usisugue usichokiona. Kwa hiyo nikafanya kama tunavyofanya na cherehani nzito: nikawasha kibatari, nikavipaka masizi vyuma vyote vinavyotembea, nikavirudisha, nikasukuma kishikio mara kumi, nikafungua tena. Mahali masizi yametoka na chuma kinang'aa ndipo panapouma. Hapo tu nikapitisha jiwe laini la kunolea wembe, na mafuta kidogo, kwa mkono mwepesi, kisha majivu ya kuni niliyoyachuja kwa kitambaa mara mbili, mpaka chuma kikawa laini kama sahani ya udongo iliyotumika miaka. Masizi tena, kusukuma tena, kufungua tena. Nilirudia mara saba. Kijino cha nyundo, kile kinachozuia isifyatuke yenyewe, sikukigusa hata kidogo, maana nilijua ukikisugua kijino kile bunduki inaweza kumuua asiyehusika. Ndiyo, nilikuwa mwangalifu sana nisije nikamdhuru mtu! Mwisho nikadondosha mafuta ya cherehani, tone hapa, tone pale, nikafunga. Nikakisukuma kishikio kwa kidole kimoja. Klak. Nikakirudisha. Klak. Ilikuwa sauti safi, fupi, ya kitu kinachojua kinapokwenda. Mwenyekiti alifunua mdomo. Akaijaribu yeye, kidole kimoja, klak, klak, akacheka kama mtoto aliyepewa filimbi, akawaita watu waje waone. "Huyu ndiye fundi!" akawaambia. "Si mwanamke huyu, ni fundi!" Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa sikutia maji. Nilichukua kitambaa nikaufuta mtutu uzidi kung'aa.

Mzee Hozza alirudi siku nne baadaye. Nilikuwepo ofisini, nimekwenda kuomba nyuzi. Alivua kofia, akasalimia, akanyoosha mkono kuichukua bunduki kama siku zote, na alipoishika tu akasimama. Akaileta puani. Akasukuma kishikio kwa kidole. Klak. "Nani kamwosha huyu maiti?" akauliza. Wote walinitazama mimi. Mwenyekiti akaitwaa mikononi mwake taratibu na kusema, "Kuanzia leo itakaa nyumbani kwangu, mgoshi. Ukiitaka, utaandika barua." Hozza hakujua kuandika, na Mwenyekiti alilijua hilo. Mzee akavaa kofia yake, akatoka. Watu wakacheka nyuma yake, wanasema ananuna kwa sababu ya fingo lake. Mimi nikamfuata, moyo unanisuta kidogo tu, bado kidogo tu. Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa barabara. "Shikamoo, Mzee Hozza." "Marahaba." "Samahani, Mzee. Lakini ule ulikuwa uchafu tu. Sasa ni nyepesi, hata wewe itakufaa." "Mwanangu," akasema, "asubuhi, kwa baridi hii yetu, mafuta ya kondoo yanakuwaje?" Nikasema yanaganda. "Na ukiyaweka karibu na moto?" Yanayeyuka. "Basi," akasema.

Nilisimama pale nimeganda kama hayo mafuta yenyewe. Akaendelea bila kuinua sauti. "Nikitaka kwenda porini naichukua, naenda nayo kwangu, nailaza kando ya jiko mpaka inalainika, naiweka ndani ya koti langu, naondoka nayo. Ndani ya koti inanitii. Wakati ninairudisha ofisini imeshapoa. Asiyeipasha moto haimfungukii. Niliwaambia ni fingo kwa sababu kufuli mtu atalivunja, lakini fingo ataliogopa. Miaka yote hakuna aliyethubutu kulitia mkono." Nikauliza, "Mbona hukuniambia?" Akajibu, "Ningekuambia wewe, ungemwambia nani?" Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa na cheti. Mende, nywele, ngozi yenye ukungu: vyote vile alivitia kwa makusudi, ili mtu akifungua akunje pua na kufunga. Hakufikiria kwamba angekuja binti aliyefundishwa kwamba uchafu ukiuona ni lazima uuondoe.

Nilikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti jioni hiyohiyo. Nilikuwa nimetunga uongo njiani. "Mwenyekiti," nikasema, "kuna skrubu moja sikuikaza vizuri, naomba niichukue mpaka kesho." Nilikuwa na mchanga wa mtoni kwenye leso, chembe chache tu zingetosha kuikwamisha. Alikuwa anakunywa chai ya maziwa, utando umemshika kwenye sharubu. Akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akaitoa, akaikoki kwa kidole huku kikombe kipo mkono wa pili. Klak, klak. "Mbona inaitika?" akasema. Nikauliza juu ya ahadi. "Ahadi gani?" Ya Bibi Zaina. Akafuta sharubu kwa kiganja, na kiganja akakifuta kwenye mto wa kiti. "Nguruwe wapo, hawapo?" "Wapo, kwa sababu Hozza hajapewa bun..." "Wapo au hawapo?" "Wapo." "Basi." Mkewe akanikaribisha chai. Na mimi, kwa adabu, nilikaa nikainywa, utando na yote. Usiku ule Bibi Zaina alininusa mikono, akasema imetakata, akapakua. Sikumwonya. Hozza aliniambia, Mwenyekiti aliniambia, na mimi nilikaa mbele ya bada la yule mama nikala nikashiba na kusema nguruwe watapigwa tu.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Nilikuwa chumbani nazungusha uzi kwenye kibobo cha cherehani. Nilisikia miguu uani, nikasikia sauti ya Mwenyekiti, na nje ya ua nikasikia watu wanajikusanya, wanagongana viwiko, maana walikuja na kicheko chao tayari tangu nyumbani. Nani angekosa kumwona Mwenyekiti akivutwa kiuno mara ya pili? Na Bibi Zaina alikuwa ameshaanza: "Mwenyekiti, baba, bado tu haijaam..." Klak. Klak. Niliijua kabla sijaiona. Fundi anaijua sauti ya kazi yake. Nilipofika mlangoni hakuna aliyekuwa anacheka. Wale wa kwenye ua walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, wanainamisha vichwa, kila mtu amekumbuka kazi aliyoiacha. Mwenyekiti hakuielekeza bunduki kwa mtu. Aliishika tu mkononi, mtutu chini, ametulia kama mtu anayesubiri basi. Bibi Zaina, mikono ina unga, hakumtazama yeye. Aligeuka akanitazama mimi pale mlangoni. "Haikwami tena," akasema. Hakuwa anauliza.

Mgambo walianza kushusha bati. Bibi Zaina alipoulizwa anabeba nini alisema chungu, ungo, mswala, na malimau. Akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba na kuchuma yote yaliyoiva na yasiyoiva, akajaza kikapu, akapita kwenye makaburi matatu bila kusimama. Wiki ile nguruwe walimaliza shamba lote la mihogo, na hakuna aliyewapiga. Kiwiko hakikuua nguruwe hata mmoja kuanzia siku ile. Nyumba sita nyingine za mgongo ule zilishuka zenyewe siku tatu zilizofuata, bila kusubiri kuamkiwa. Kwa hiyo kijana mwenye tai yuko sahihi, hakuna risasi iliyopigwa, na karatasi yake isomwe kwa sauti. Mimi nilihamishiwa nyumba ya mwalimu, ambayo ghafla ilikuwa imepata ukuta na mlango.

Ulipita mwezi kabla sijapata uso wa kwenda kumwona Bibi Zaina. Walimpa kibanda cha nyasi kando ya barabara, vumbi la malori linaingia hadi kwenye chungu. Nilimkuta ameshapika, bada na mchunga, kana kwamba alijua nitakuja siku hiyo. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha mkekani, akaniita mjukuu wangu kama zamani, akaniuliza habari za akina mama na vyerehani. Nikaanza kulia, akaniambia chakula kinapoa. Kikapu cha malimau kilikuwa kwenye kona, yamebaki machache, yamekauka ngozi. Akachukua moja, akalikata, akaliweka kwenye ukingo wa sahani yangu. "Nawa," akasema. Nikamwambia, "Bibi, nimenawa." Na nilikuwa nimenawa kweli, kwa sabuni, na bunduki ile sikuwa nimeigusa mwezi mzima. "Nawa, mjukuu wangu." Nikanawa. Akakishika kiganja changu, akakileta puani, akakaa nacho hapo muda. Kisha akakata limau lingine.